Masutatsu Oyama, karateka wa ng'ombe 52: kweli iliishia wapi, mchezo ulianzia wapi

Siku ya Mungu kisha saa sita, ku Hewa Bora kama vile ku mitaa mingine ya Lubumbashi, si ajabu kukuta vijana wa karate wamevaa kimono zao nyeupe na wamepanga matofali mbele ya watu. Mmoja anafunga macho, anapumua kwa nguvu, anapiga kelele moja kali, anashusha mkono, tofali linakatika mara mbili. Watoto wanapiga makofi. Wazee wanatikisa kichwa. Baada ya hapo watoto wanarudi nyumbani na kila mmoja anatafuta tofali la kujaribia, na mama anashangaa jioni kuona mkono wa mtoto umevimba kama mkate.

Mchezo ule wa kuvunja vitu mbele ya watu uko na mababa zake, na mmoja wao mkubwa ni mtu ambaye picha yake iko imetundikwa katika vilabu vingi vya karate duniani: Masutatsu Oyama, mwanzilishi wa karate ya kyokushin. Wengi wanamjua kwa hadithi moja, ile ya mtu aliyepigana na ng'ombe 52 kwa mikono mitupu na kuua tatu papo hapo. Maisha yake yanastahili kusimuliwa polepole, kwa sababu ndani yake mambo ya kweli kabisa na mambo ya kutengenezwa yamelala kitanda kimoja, na mara nyingine yeye mwenyewe ndiye aliyeyalaza pamoja.

Jambo la kwanza ambalo watu wengi hawalijui: Oyama hakuzaliwa Mjapani. Alizaliwa Korea, karibu na mji wa Gimje upande wa kusini, na jina lake la kuzaliwa ni Choi Yeong-eui. Vitabu vingi vinatia mwaka 1923. Wakati ule Korea ilikuwa chini ya ukoloni wa Japani, tangu mwaka 1910. Mkongomani hahitaji kuelezwa sana hali ile: mgeni anatawala, lugha yake ndiyo ya shule na ya kazi, na mtoto mwenye akili anajua mapema kwamba njia ya kupanda inapita kwa yule anayemkandamiza. Akiwa mtoto alikaa kwa muda Manchuria, kwenye shamba la dada yake, na alisimulia kwamba huko mfanyakazi mmoja wa shamba ndiye aliyemfundisha ngumi za Kichina kwa mara ya kwanza.

Mwaka 1938 kijana Choi akavuka bahari kwenda Japani. Alitaka kuwa rubani wa ndege za vita. Aliingia shule ya vijana ya mambo ya ndege katika jimbo la Yamanashi, lakini ndoto ile haikufika mbali. Kilichobaki ni michezo ya kupigana. Alijifunza karate ya shotokan katika shule ya Gichin Funakoshi, mzee wa Okinawa ambaye wengi wanamwita baba wa karate ya leo. Kisha akaenda kwa So Nei Chu, Mkorea mwenzake, aliyemfundisha karate ya goju. Alicheza pia judo. Na akachukua jina la Kijapani, Oyama, ambalo maana yake ni mlima mkubwa. Kwa Mkorea aliyeishi Japani miaka ile, jina la Kijapani lilikuwa kama nguo ya kazi: ukikosa, mlango haufunguki.

Vita ilipoisha mwaka 1945, Japani ilikuwa imepondeka, miji imeungua, wanajeshi wa Marekani wako kila pahali. Oyama alikuwa kijana mwenye hasira na mikono migumu, na alipigana sana njiani, mara na wahuni, mara na askari wa Kimarekani. Mwalimu wake So alimshauri aondoke mjini aende mlimani. Alikuwa amesoma pia kitabu cha Eiji Yoshikawa juu ya Miyamoto Musashi, yule mtu wa upanga wa zamani, na kitabu kile kilimwingia damuni.

Hapa ndipo inaanza ile hadithi inayopendwa sana na karateka. Oyama akapanda mlima Minobu, ambako inasemwa Musashi naye alizoeza mwili wake. Alipanda na mwanafunzi mmoja, lakini yule mwenzake hakuvumilia, akatoroka usiku baada ya miezi kadhaa. Oyama alibaki peke yake. Ili asishawishike kushuka mjini, alinyoa nyusi ya upande mmoja, sababu nani atakubali kuonekana na watu akiwa na uso wa namna ile? Alipiga miti, alipiga mawe ya mtoni, alikimbia, alioga maji baridi ya maporomoko. Kwa masimulizi yake alikaa huko miezi 14, akashuka, halafu akapanda tena mlima mwingine, Kiyosumi, katika jimbo la Chiba, kwa miezi 18. Hakukuwa na mtu wa kuhesabu siku zile. Lakini mikono aliyoshuka nayo iliona na watu wengi, na hakuna aliyesema ilikuwa mikono ya uongo.

Sasa ng'ombe.

Katika jimbo lile la Chiba, kwenye mji wa Tateyama, kulikuwa na mahali pa kuchinjia ng'ombe. Oyama alianza kwenda pale karibu na mwaka 1950. Hesabu aliyoitangaza baadaye, na ambayo vitabu vimeirudilia mpaka leo, ni ng'ombe dume 52: tatu walikufa kwa pigo moja, na wengi waliobaki walivunjwa pembe kwa ubavu wa mkono. Filamu fupi ilitengenezwa pale Tateyama katika miaka ya 1950. Ndani yake anaonekana Oyama amevaa suruali ya karate, kifua wazi, anashika ng'ombe kwa pembe, wanasukumana muda mrefu kwenye mchanga, anamwangusha, anapiga, na mwishowe pembe inatoka.

Mfugaji wa Masisi au wa Djugu akiitazama filamu ile, macho yake hayatakwenda kwa Oyama, yatakwenda kwa ng'ombe. Ataona mnyama mzito ambaye hana haraka, aliyezoea kamba na watu, anayesukuma kwa sababu anasukumwa. Dume mwenye hasira kweli hangojei umshike pembe. Hilo peke yake halimvui Oyama nguvu zake: kumwangusha ng'ombe wa kazi kwa mikono ni jambo ambalo watu wachache wanaweza. Lakini kutoka hapo mpaka kuua tatu papo hapo, kuko safari ndefu.

Mtu aliyeifunua habari ile ni Jon Bluming, Mholanzi, mcheza judo mkubwa ambaye alifika Japani mwisho wa miaka ya 1950 na akawa mwanafunzi wa Oyama. Bluming hakuwa adui: Oyama ndiye aliyempa dani za juu na kumwacha apande mbegu ya kyokushin Ulaya. Alieleza, wakati Oyama alikuwa ameshaondoka duniani, kwamba aliiona filamu ile, na kwamba Kenji Kurosaki, mmoja wa watu wa karibu kabisa wa Oyama, alimwambia namna mambo yalivyofanyika, maana alikuwapo. Ng'ombe alikuwa mzee na mnene. Asubuhi mapema, kabla ya kamera kuanza, watu wa pale waliipiga pembe yake na nyundo mpaka ikalegea. Na kuua, Kurosaki alisema, hakukuwako.

Kwa mtu aliyezoea kachi ya mu Kinshasa, mieleka ile ambamo mmoja anatoa nyoka kwenye mfuko na mwingine anaanguka kabla hajaguswa, habari ile haishangazi. Katika kachi watazamaji wanajua nusu ya mambo na wanakubali kudanganywa kwa furaha, tiketi yao ni ya kicheko na woga. Katika karate ni tofauti. Pale watu wanaambiwa kwamba wanachokiona ndicho kitawaokoa usiku wakikutana na majambazi. Deni la karate kwa watazamaji wake ni kubwa kuliko deni la kachi.

Na Oyama aliijua kachi kwa karibu, kuliko wanafunzi wake wengi wanavyopenda kukumbuka. Mwaka 1952 alikwenda Marekani, si kwa kufungua shule, bali kwa kuonyesha. Alisafiri na Kokichi Endo, mtu wa judo, na mkubwa wa safari alikuwa Great Togo, mcheza mieleka ya maonyesho, mzaliwa wa Marekani mwenye asili ya Kijapani. Ili biashara itembee, wote walibebeshwa jina la Togo, kama vile ni ndugu wa tumbo moja. Mkorea, Mjapani na Mmarekani, familia moja kwenye bango! Miaka saba tu ilikuwa imepita tangu vita, na Mmarekani alilipa pesa yake ili aingie ukumbini kumzomea Mjapani. Kati ya pambano moja na lingine Oyama alipanda jukwaani akavunja mbao, matofali, mawe, na akakata shingo ya chupa ya bia kwa ubavu wa mkono huku chupa yenyewe ikibaki imesimama.

Inafaa kusimama kidogo kwenye mambo haya ya kuvunja, sababu ndiyo mwalimu wa mtaa anayaonyesha mpaka leo.

Mbao ina nyuzi. Ukiipiga kufuata nyuzi zake inapasuka kirahisi, ukiikata kwa upande mwingine mkono ndio utapasuka. Ndiyo maana mbao za maonyesho zinakatwa fupi upande wa nyuzi, na mtu mjanja anaziweka juani au karibu na moto zikauke kabisa. Matofali au vigae vikipangwa moja juu ya ingine na vipande vidogo vya mti katikati, kila kimoja kinavunjika peke yake, na cha juu kinasaidia kuvunja cha chini kwa uzito wake wakati kinaanguka. Kumi zilizopangwa namna hii si sawa na kumi zilizobanana. Ukiona mapengo katikati, punguza makofi. Tofali la kuchoma la Lubumbashi, lile la udongo wa kichuguu, halilingani kutoka tanuru moja: la katikati ya moto ni gumu kama chuma, la pembeni linabaki nusu bichi na linavunjika kwa kuanguka tu. Mwenye maonyesho anajua lipi atachukua.

Jiwe la mtoni nalo liko na ujanja wake wa zamani. Unaliegemeza juu ya jiwe kubwa au chuma, unalishika kwa mkono wa kushoto, na wakati unapiga unaliacha limeinuka kidogo sana, upana wa ukucha. Pigo linalirusha jiwe juu ya chuma, na ni chuma kinachovunja. Chupa, ukipitisha tupa kidogo kwenye shingo kabla watu hawajafika, kioo kinajua kitakatikia wapi. Na ule mchezo wa mtu aliyelala, jiwe kubwa juu ya kifua, mwingine anapiga na nyundo kubwa: jiwe likiwa zito zaidi, mtu wa chini anaumia kidogo zaidi, sababu uzito wa jiwe ndio unakula pigo. Watu wanaogopa jiwe kubwa, kumbe wangeogopa dogo.

Hapa lakini mtu asikimbilie kusema yote ni bure. Mkono usiozoezwa, hata na ujanja wote huu, unavunjika. Oyama alipiga makiwara, ule mti uliofungwa kamba ya majani, kwa miaka na miaka, mpaka mifupa ya vifundo ikawa minene na ngozi ikawa kama ya kisigino. Mtoto wa miaka 12 hana mfupa ule. Mifupa yake bado inakua, na pigo moja baya juu ya tofali linaweza kuharibu sehemu inayokuza mfupa, mkono ukabaki umepinda maisha yote. Hilo halionyeshwi kwenye maonyesho.

Tuendelee na maisha ya Oyama, maana mwaka 1954 ulimpa somo ambalo halikumtoka.

Japani ilikuwa imepata televisheni, na televisheni ilikuwa imepata mfalme wake: Rikidozan. Huyu naye alikuwa Mkorea aliyejificha nyuma ya jina la Kijapani. Alitoka kwenye sumo, akaingia mieleka ya maonyesho, na alikuwa anawaangusha Wamarekani wakubwa kwa kofi la ubavu wa mkono, jambo lililowapa Wajapani walioshindwa vita machozi ya furaha. Watu walijazana njiani mbele ya televisheni za maduka, kama vile siku ya mechi ya TP Mazembe na Vita Club. Pembeni ya Rikidozan kulikuwa na Masahiko Kimura, mtu wa judo ambaye wengi waliamini hakukuwa na wa kumshinda, aliyemvunja mkono Mbrazili Hélio Gracie mwaka 1951 mu Rio de Janeiro. Kimura na Oyama walikuwa marafiki. Ndani ya mieleka ya Rikidozan, kazi ya Kimura ilikuwa kupigwa ili Rikidozan aje kuokoa. Alichoka na kazi ile, akatangaza katika magazeti kwamba pakiwa na pambano la kweli, Rikidozan hamwezi.

Walikutana Tokyo tarehe 22 Desemba 1954. Kimura alieleza baadaye kwamba walikuwa wamepatana: mara ya kwanza sare, kisha watapeana ushindi kwa zamu. Katikati ya pambano Rikidozan akaacha mapatano. Alianza kupiga kweli, mkono, teke, mkono tena, na Kimura ambaye mwili wake ulikuwa unangojea mchezo hakujikinga. Kwa muda wa robo saa hivi yote ilikuwa imekwisha, bingwa wa judo amelala kifudifudi, damu kwenye kitambaa cha jukwaa. Oyama alikuwa amekaa kati ya watazamaji. Inasimuliwa kwamba aliinuka akitaka kupanda kupigana na Rikidozan pale pale, na kwamba alimtafuta kwa muda mrefu baadaye. Pambano lile halikufanyika. Rikidozan alichomwa kisu katika kilabu ya usiku mu Tokyo mwaka 1963, akafa siku chache mbele.

Rafiki yake aliharibiwa na mchezo uliogeuka kuwa kweli bila yeye kuambiwa. Baada ya hapo Oyama alizidi kuvutwa na karate ya kugongana. Shule yake ilikuwa imeanza mwaka 1953 kwenye uwanja wazi mtaa wa Mejiro, chini ya anga. Mwaka 1956 akahamia kwenye chumba cha zamani cha kufundishia dansi nyuma ya chuo kikuu cha Rikkyo. Katika shule nyingi za wakati ule karateka alisimamisha ngumi kabla ya mwili wa mwenzake na mwamuzi akatoa pointi. Kwa Oyama ngumi ilifika. Watu walitoka pale na meno pungufu, wengi walikimbia, wachache walibaki. Mwaka 1964 alifungua nyumba kubwa ya makao makuu na kuipa shule yake jina la kyokushin, maana yake kweli ya mwisho kabisa. Jina zito kwa mtu aliyekuwa na filamu ile ya Tateyama kwenye kabati!

Mwaka ule ule, 1964, kweli ilikuja kumdai. Wapiganaji wa Thailand, wale wa ngumi, mateke, magoti na viwiko, walitoa changamoto kwa karate ya Japani. Shule ya Oyama ikatuma watu watatu Bangkok, katika uwanja wa Lumpinee: Tadashi Nakamura, Akio Fujihira na yule Kenji Kurosaki. Hapakuwa na mbao wala chupa. Wawili walishinda. Kurosaki, ambaye alikwenda zaidi kama mwalimu kuliko kama mpiganaji, alipigwa kiwiko akaanguka. Mtu huyu huyu aliyeshuhudia nyundo juu ya pembe ya ng'ombe ndiye aliyekula kiwiko cha kweli mbele ya maelfu ya Wathai. Alirudi Japani na kichwa kimebadilika, na baadaye akafungua klabu ya kikiboksi iliyotoa mabingwa, akiamini kwamba karate inabidi ijifunze kwa waliomwangusha.

Oyama naye alipiga hatua yake. Mwezi wa Septemba 1969 aliitisha mashindano ya wazi ya Japani nzima, mtu wa shule yoyote aje. Kanuni zilikuwa fupi: mikono mitupu, hakuna vifaa vya kukinga mwili, unapiga kweli, ila ngumi ya usoni imekatazwa na teke la kichwa linaruhusiwa. Mshindi alikuwa Terutomo Yamazaki. Na kuvunja vitu hakukuachwa, lakini kuliwekewa sheria: kila mshindani anapewa mbao za aina moja na kipimo kimoja, anazivunja mbele ya waamuzi, zinahesabiwa, na hesabu ile inaweza kuamua pambano watu wakitoka sare. Mwenye mbao hakuwa tena mwenye maonyesho. Mtu akitafuta sehemu ya maisha ya Oyama ambayo inaweza kuigwa mu Lubumbashi kesho asubuhi, ni hiyo.

Ajabu ni kwamba wakati ule ule alipokuwa anasafisha uwanja, hadithi zilizidi kuchafuka. Mwaka 1971 gazeti la vijana lilianza kutoa hadithi ya picha juu ya maisha yake, iliyoandikwa na Ikki Kajiwara. Jina lake, Karate Baka Ichidai, linasema habari za mpumbavu wa karate wa maisha yote. Ilitoka mpaka mwaka 1977 na mamilioni ya vijana waliisoma kama vile ni habari za kweli. Ng'ombe waliongezeka ukali, maadui waliongezeka, wengine walibuniwa kabisa. Kati ya 1975 na 1977 zikafuata filamu tatu ambamo Sonny Chiba, mwigizaji aliyezoezwa kyokushin, aliigiza kama Oyama. Vijana walijaza shule. Oyama hakusimama hadharani kusema hiki ni kweli na hiki kimeongezwa. Pesa ilikuwa inaingia, jina lilikuwa linapanda, na kitabu chake cha Kiingereza, What Is Karate?, kilichotoka mwaka 1958, kilikuwa kimekwisha kupanda mbegu ile nje ya Japani.

Mchezo wa wanyama ulirudi hata. Katika filamu ya mwaka 1976 juu ya kyokushin, Willie Williams, Mmarekani mweusi mrefu, mwanafunzi mwenye nguvu za kweli, aliwekwa mbele ya dubu. Wanakumbatiana, wanasukumana, wanaangushana, na mtazamaji anabaki kujiuliza nani anamhurumia nani. Williams hakumhitaji dubu yule. Mwaka 1975 alikuwa amepigana katika mashindano ya kwanza ya dunia mu Tokyo, ambayo yalimpa ushindi Katsuaki Sato. Mwaka 1980 alipigana na Antonio Inoki, mcheza mieleka aliyeokotwa na kulelewa na Rikidozan, na daktari alisimamisha pambano wote wawili wameumia. Ni Inoki huyu ambaye mwezi wa Juni 1976 alikutana na Muhammad Ali mu Tokyo, miaka isiyofika miwili tangu Ali amwangushe George Foreman mu Kinshasa. Raundi 15 Inoki alilala chini akimpiga Ali mateke ya miguu, watazamaji wakakasirika, matokeo sare. Watu walilipia onyesho wakapewa kitu kinachofanana na kweli, na hawakukipenda.

Pale mtu anaelewa tabu ya Oyama. Kweli ya kupigana haipendezi macho. Ni watu wawili wanaohema, wanagongana mapaja, wanachoka. Tofali linalokatika kwa kelele moja linapendeza. Mwalimu aliye na watoto kumi ambao wazazi hawalipi anajua kwamba onyesho moja la kuvunja matofali linaleta wanafunzi zaidi ya mwaka mzima wa jasho. Oyama alitumia ng'ombe kuwaleta watu mlangoni, halafu ndani akawapa kazi ya kweli. Wanaomtetea wanasimama hapo. Wasiomsamehe wanajibu kwamba wengi waliomwiga walichukua ng'ombe wakaacha kazi, na hilo pia lina ushahidi wake kwenye kila kona ya mji ambapo mwalimu wa miezi sita anajiita masta, anawaangusha wanafunzi wake kwa kidole bila kuwagusa, na wanafunzi wanaanguka kwa heshima.

Mwaka 1994 Oyama alikuwa anaongoza shule yenye matawi katika zaidi ya nchi mia moja, Afrika ikiwemo. Saratani ya mapafu ilimshika. Alikufa mu Tokyo tarehe 26 Aprili 1994, na umri wa miaka 70. Alikuwa amemtaja Shokei Matsui, kijana aliyeshinda mashindano ya dunia ya 1987 na aliyemaliza jaribio la kupigana na watu mia moja siku moja. Kaburi halijakauka, wakubwa wa shule wakaanza kugombana: karatasi ya urithi iliandikwa na nani, mbele ya nani, jina ni la nani. Kesi zilikwenda mahakamani. Matawi yakakatika, na leo kuko kyokushin nyingi, kila moja inasema ndiyo yenyewe.

Kurosaki aliendelea kuheshimiwa mpaka uzee wake. Bluming alikufa mwaka 2018, amebaki na maneno yake yale juu ya nyundo na pembe. Na filamu ya Tateyama bado inazunguka, siku hizi kwa simu, imekatwa fupi, imewekewa muziki. Inaanza pale ambapo Oyama amekwisha kushika pembe. Asubuhi ya siku ile haimo.